Nilivyowapaka Vietnam Wageni wa Madam

Leo nimepatikana, wasichana.

Sina njia nzuri ya kuanza. Niko chumbani kwangu hapa nyuma ya jikoni, mtaa wa Al-Rawdah, Jeddah, nywele zinadondoka maji, nimejisugua limau mwili mzima kama kuku anayesubiri makaa. Nyinyi wa Jeddah, na nyinyi wa Batha kule Riyadh mnaosoma kundi hili bila kujibu, kaeni chini niwaeleze. Mtu asinikatize.

Madam wangu mnamjua. Ni mtu mzuri (mshahara unakuja, simu sijanyang'anywa, nakula kwa meza kama binadamu). Huniita Nabila. Jina langu ni Nabwire, lakini alijaribu siku ya kwanza, ulimi ukakwama, akasema halas, basi, wewe ni Nabila. Nikakubali. Mtu anayekulipa anaweza kukuita hata Jumatano.

Sasa madam, mapema mwaka huu, alienda Vietnam na baba mwenye nyumba na watoto. Mimi niliachwa na paka. Alipoondoka alikuwa mtu wa kawaida. Aliporudi, wueh! Chai ya hapa si kama ya Vietnam. Mvua ya Vietnam inanyesha kwa adabu. Watu wa Vietnam wanatabasamu hata wakibeba mzigo, Nabila, kwa nini wewe hutabasamu? (Nilikuwa nimebeba zulia.)

Akanionyesha picha. Yeye kwa mashua, katikati ya milima ya mawe iliyochomoza baharini kama meno. Yeye chini ya taa za hariri za kila rangi katika mji mmoja wa kale. Yeye anapiga makasia (ukikuza picha unaona kamba, mashua bado imefungwa). Na moja ya mashamba ya mpunga, yamekatwa kama ngazi mlimani, kijani hadi unasikia baridi.

"Hapa, Nabila, nililia," akaniambia.

Nikasema pole. Kwetu Bunyala mpunga upo, na sijawahi kuona mtu akipanda ndege kuja kuulilia. Anayelia kwetu ni anayeupalilia.

Ndipo akapata wazo la biashara. Awe anawapeleka akina mama Vietnam kwa vikundi: waone nchi, wajue mila, wale vya huko, warudi na picha. Alishapata na mwongoza watalii wa kule, dada mmoja anaitwa Hoa. Na leo, baada ya swala ya alasiri, ndiyo ilikuwa siku ya kuwaalika marafiki zake waje waonje Vietnam hapa nyumbani kabla ya kuamua.

Mgeni mkuu alikuwa Um Turki wa Riyadh. Huyo mama alipanda ndege asubuhi kwa sababu hiyo tu. Akisema kitu ni kizuri, wenzake hukipenda kabla hawajakiona. "Um Turki akikubali, Riyadh nzima imekubali," madam akaniambia.

Na mimi nilikuwa na langu. Likizo. Mwanangu nilimwacha na pengo mbele, siku hizi ananitumia sauti akinirekebisha Kiingereza. Jana madam akasema: "Mambo ya kesho yakienda vizuri, Nabila, Desemba unaenda kwenu." Akaweka mkono kifuani. Nikalala nikiwa tayari nimefika Desemba.

Nikaamka na mafua.

Si mafua ya kuchezea. AC ya chumba changu ina kazi mbili tu, kuzima na kugandisha. Nimeomba itengenezwe tangu Ramadhani, najibiwa inshallah. Leo pua ilikuwa imefungwa kama duka wakati wa swala. Ukinipa kitunguu na waridi, nakuambia vyote ni maji.

Na madam ana sheria: mwenye mafua hagusi chakula cha wageni. Ningesema ukweli, angemwita msichana wa kazi wa dadake aje anishikie kazi, na Desemba yangu ingeondoka na huyo msichana. Kwa hivyo nikafunga mdomo. Hapana, nikaufungua, maana ndio nilikuwa napumulia. Nikaingia kazini.

Tukapamba. Kioko, dereva wetu, kijana wa Makueni asiyenyamaza hata akiwa usingizini, akapanda ngazi akafunga taa za rangi juu ya mapazia. Madam akavaa nguo ya hariri ya kule, ndefu, imepasuliwa kando, na suruali ndani. Ikamkaa vizuri, sitasema uongo. Kisha akanipa mimi kofia ya majani, ile pana yenye ncha. Nihudumu nikiwa nimeivaa.

"Kwa nini mimi, madam?"

"Ili wageni wasikie wako Vietnam."

Mimi. Nabwire. Kilo zangu hizi. Kioko aliponiona alishuka kwenye ngazi kwanza ndipo acheke, kwa usalama.

"Nabwire, umekuwa nyumba ya msonge. Bado kuku watoke mlangoni."

Nikamwambia aende aoshe gari.

Sasa sikizeni vizuri hapa. Jikoni kulikuwa na vichupa viwili kutoka Vietnam. Kimoja ni mafuta ya udi, ya kuwapaka wageni mikononi kama ilivyo desturi ya hapa. Si udi wa kununua dukani karibu na stendi, ni wa mti uliozeekea porini, ambao madam alitajiwa bei akakaa chini kwanza. Kingine ni kitu wanaita nuoc mam, maji ya samaki waliovundikwa na chumvi ndani ya mapipa ya mbao miezi na miezi. Ndiyo chumvi ya kule. Hakuna chakula bila hiyo. Madam alitaka tuchanganye na limau, sukari, kitunguu saumu na pilipili, iwe sosi ya kuchovya.

Chupa ya nuoc mam ilikuja kubwa, na picha ya samaki mbele. Hata mtoto asingekosea. Lakini madam akasema haipigi picha vizuri. Akamimina kiasi katika kichupa kizuri cha kioo, ndugu pacha wa kile cha udi. Kahawia na kahawia. Kimoja kifuniko chekundu, kingine cheusi. Maandishi hakuna.

Ningenusa, mtasema. Ningenusa kwa nini? Kwa goti?

Madam alikuwa juu anatengenezwa nywele, mashine ya kukaushia inanguruma. Nikasimama chini ya ngazi.

"Madam! Ya wageni ni ipi?"

"Nyekundu!" akajibu. "Nyekundu ndiyo ya wageni! Yalla, Nabila, wakati!"

Mimi nilimaanisha ya kuwapaka. Yeye alielewa ya kuwalisha. Wageni ni walewale, na sote wawili tulikuwa sawa, na hapo ndipo nilipopotea.

Nikachukua ya kifuniko chekundu, nikaimimina kwa uangalifu, hata pumzi nimezuia, ndani ya kile kitungi cha kioo chenye kijiti cha kupakia manukato. Nikakiweka kwa sinia kando ya chetezo. Kisha nikachukua ile nyeusi, yote, nikaitia kwenye bakuli la sosi. Limau. Sukari. Saumu. Pilipili. Nikakoroga. Mafuta yakaelea juu.

Nikajiambia, Vietnam ni mbali, huenda samaki wa huko wamenona.

Nikaonja. Ulimi ukaniambia: kabati. Kabati jipya la mbao, na uchungu nyuma yake kama ile mizizi ambayo mama alikuwa anatuchemshia tukiwa na minyoo. Nikaongeza sukari.

Mimi mtoto wa Bunyala, wasichana. Mimi niliyekua nikianika omena. Nimeonja udi nikasema ni samaki.

Na si hayo tu. (Hii sehemu nilitaka kuiruka, lakini Kioko anaijua.) Kile kichupa chekundu kilibaki na matone chini. Nikafikiria bei. Nikafikiria vile ni dhambi kuharibu. Basi nikajipaka nyuma ya masikio. Shingoni. Kidogo kifuani. Nikajitazama kwa mlango wa mikrowevu, nikaona mtu aliyefanikiwa.

Hapo hapo Sukkar akainua kichwa.

Sukkar ni paka wa madam. Mweupe, nywele ndefu, uso bapa kama aliyegonga ukuta akiwa mdogo. Wakati wote walipokuwa Vietnam nilimlisha mimi, nikamchana mimi, na hajawahi kunitazama mara mbili. Leo akashuka kutoka kwa dirisha lake, akanifuata. Nikienda friji, yuko. Nikienda sinki, yuko. Akajisugua miguuni mwangu akilia kwa huruma.

Nikafurahi! Nikasema kumbe udi wa bei huwapa hata wanyama heshima.

Wageni wakaingia. Mabusu, maashallah, mabegi. Um Turki akaingia wa mwisho, polepole, kama mtu anayejua atasubiriwa. Akakaa katikati. Abaya yake ilikuwa na kazi ya uzi mikononi ambayo sitaki hata kuikadiria. Akazitazama taa, akanitazama mimi na kofia yangu, akasema, "Vietnam naijua."

Madam akawasha televisheni kubwa, na Hoa akatokea kwa simu ya video akiwa jikoni kwake. Mwanamke mdogo, nywele fupi, anacheka kwa urahisi. Nilimpenda mara moja. Akaanza kuwasimulia, Kiingereza chake taratibu, madam akitafsiri. Soko lililo juu ya mto, ambapo kila mashua inatundika juu ya mti kile inachouza, nanasi likining'inia ni mashua ya nanasi. Supu ya tambi inayonywewa alfajiri kando ya barabara, watu wazima wamekalia vistuli vya watoto, magoti yakigusa masikio. Wageni wakacheka. Mmoja, msichana anaitwa Abir, ameolewa juzi tu, akauliza kama wakalia vistuli abaya haitagusa chini. Hoa akasema atamletea kamba aifunge.

"Mimi supu hiyo niliinywa Hanoi," Um Turki akasema.

"Vizuri sana!" Hoa akafurahi. "Ulikaa sehemu gani ya Hanoi?"

"Ya katikati."

"Katikati wapi?"

"Katikati kabisa," akasema Um Turki, na mazungumzo yakaisha.

Nikaleta chakula. Roli za karatasi ya mchele, unaona kamba wadogo na majani ndani kama kwa dirisha. Nilizikunja mwenyewe toka asubuhi. Na bakuli la sosi katikati.

Um Turki akachovya kwanza. Akatafuna. Akaacha kutafuna. Chumba chote kikamtazama. Nikaona koo likifikiria.

Akameza. Akafunga macho.

"Hii ndiyo yenyewe," akasema. "Ndivyo nilivyoila kule. Unasikia... msitu."

"Naam, msitu," akasema wa pili, machozi yakimlenga.

"Msitu kabisa," akasema wa tatu, akatafuta kitambaa.

Abir akanywa glasi nzima ya maji bila kupumua, kisha akasema ni mzuri sana huo msitu.

Kwa televisheni Hoa alikunja uso. "Msitu? Sosi yetu huwa na ladha ya bahari."

"Inategemea na ulipokaa," Um Turki akamweleza. Akamweleza Hoa! Mtu wa Vietnam! Akachovya roli nyingine, akiitazama kamera, kwa ushahidi. Na nyingine.

Madam naye akaonja kidogo tu. Macho yake yakanirukia mimi pale mlangoni, yakiwa na swali. Lakini Um Turki ameshasifu, sasa atasema nini? Akameza na yeye. Mnaona vile watu wenye pesa wanaweza kujitesa wenyewe? Hakuna aliyewalazimisha. Mimi nikilishwa kabati nasema ni kabati.

(Ingawa sikusema. Niliongeza sukari. Basi tuendelee.)

Ukafika wakati wa chetezo. Mnajua desturi ya hapa, udi ukishapita mgeni anaanza kutafuta viatu. Madam akanipa ishara. Nikaingia na sinia, kofia kichwani, mgongo wima, nikijisikia kama siku ya ubatizo. Nikaanzia kwa Um Turki. Akanipa mkono wa kulia, nikapaka. Akanipa wa kushoto, nikapaka. Akainua ushungi kidogo, nikapaka shingoni. Akachukua kijiti mwenyewe akajipaka mabegani, juu ya ile kazi ya uzi. Mtu wa Riyadh hapimi udi wa bure.

Kisha wengine, mmoja mmoja. Nikipita huyu, nikienda kwa huyu, nyuma yangu kunaingia kimya. Kimya cha ajabu. Nilidhani ni heshima.

Um Turki akainua mkono puani. Uso wake ukapita mahali pengi.

"Maashallah," akasema taratibu. "Udi huu haujachanganywa na chochote. Udi wa zamani ndivyo ulivyo. Unasikia kabisa mnyama ndani yake."

"Naam, mnyama," wakasema.

"Mnyama gani?" Abir akanong'ona.

Ndipo Sukkar akatoka chini ya kochi.

Akaenda moja kwa moja kwa Um Turki, akapanda mapajani, akaanza kumlamba mkono. Wanawake wakafurahi, maana paka huyo anajulikana kwa dharau. Um Turki akatabasamu. "Paka wa ukoo mzuri anajua kilicho kizuri."

Sukkar akalamba. Akainua pua. Akageuza kichwa polepole, akaniona mimi.

Wasichana, nilikuwa nimeshika sinia kwa mikono miwili. Ningefanya nini? Paka akaruka. Akashika sketi, akapanda kiuno, akapanda mgongo, kucha zote kumi na nane, akafika begani, akaingia chini ya kofia. Akaanza kunilamba nyuma ya sikio akinguruma kama jenereta. Halafu akaonja kwa meno.

Nikapiga nduru. Si nduru ya Jeddah. Ile ya kwetu, ya kuita kijiji kizima mwizi akionekana. Sinia likaanguka, kitungi kikapasuka, maji ya kahawia yakatambaa juu ya zulia. Kofia ikabiringika hadi miguuni pa Um Turki, na mimi nikazunguka katikati ya majlisi, ile sebule ya wageni, na paka shingoni kama skafu, nikisema Yesu wangu, Yesu wangu, katika nyumba ambayo si mahali pake.

AC ya majlisi, ambayo ni nzima, ikabeba harufu ikaigawa sawasawa. (Mimi sikuisikia. Niliisoma kwa nyuso.) Hapo hata msitu ungeshindwa kuificha.

Madam akaja. Akanitoa paka. Akaniinamia, mbele ya watu wote, akaninusa shingo.

"Nabila," akasema. "Hii ni samaki."

Akanusa tena, upande wa pili.

"Na imefikaje shingoni mwako?"

Nilitafuta jibu. Lililokuja ni chafya. Kubwa. Na yenyewe ikanifichua, maana sasa mafua pia yamejulikana.

Mkiona mtu akiaibika mara tatu bila kusogea hatua, ni mimi huyo.

Kisha sauti ikatoka kwa televisheni, ya upole sana.

"Samahani," Hoa akasema. "Kama hiyo ndiyo nuoc mam... kwa bakuli mmekula nini?"

Vichwa vyote vikageukia bakuli. Mafuta yalikuwa yanaelea juu, yanang'aa. Madam akachovya kidole, akakinusa, akakaa chini palepale sakafuni na hariri yake.

"Udi wangu," akasema. "Tumekula udi wangu."

Na aliyekuwa amekula mwingi kuliko wote, kwa sababu ya Hanoi, akasimama. Um Turki akakusanya begi, akasema kichwa kinamuuma, akatoka bila kumbusu mtu. Kioko ndiye aliyempeleka hotelini. Anasema mama alifungua madirisha yote manne katika joto hili, na njia nzima alikuwa kwa simu akimweleza mtu kwamba Vietnam imeharibika, si kama alipokuwa yeye.

Mlango ukafungwa. Mimi nilikuwa nahesabu Desemba zangu zikianguka. Halafu Abir akatoa sauti kama kettle. Nilidhani analia. Kumbe ni kicheko.

"Nilidhani ni mimi peke yangu!" akasema. "Nilisema labda mimi sina ladha!"

"Wewe ndiye ulisema msitu!" wa tatu akamwambia wa pili.

"Nilisema kwa sababu yeye alisema!"

"Na mnyama je? Mimi nilisikia soko la samaki, nikasema kimya, utaonekana mshamba!"

Wakacheka hadi ushungi ukaanguka. Hoa kule kwao alikuwa ameshika meza. Alipopata sauti akawaambia watafute ile chupa kubwa yenye picha ya samaki, waanze upya, yeye atawaelekeza. Wakaja jikoni wote na saa zao za dhahabu, Hoa sasa yuko kwa simu ya madam, wakakata saumu wenyewe. Mimi niliamriwa nisimame mlangoni, mbali, na karatasi puani. Wakikoroga, Hoa akawasimulia kuhusu nyanyake aliyefanya kazi kwenye hayo mapipa, kisiwani. Kwamba ukirudi nyumbani kwa meli, harufu inakufikia kabla hujaona ufuo, na watu wote kwenye meli wananyamaza. Nikakumbuka omena kwetu wakikauka juu ya vyandarua, na vile nilikuwa naona haya shuleni kunuka hivyo. Nikanyamaza na mimi, pale mlangoni.

Sosi ya kweli wakaipenda. Waliipenda mpaka wakachovya mkate. Wakakubaliana kwenda wote waliobaki.

Lini?

"Desemba!" wakasema kwa pamoja. "Kuna hewa nzuri!"

Walipoondoka, madam akaja jikoni akafunga mlango.

"Nabila, uliniibia udi."

"Hapana, madam. Niliiba samaki."

"Lakini ulidhani ni udi."

"Nilidhani, madam."

Akauma mdomo. Akashindwa, akacheka. Nikacheka kidogo pia, kwa tahadhari. Kisha akasema, "Halas. Yamepita. Desemba unakuja nasi Vietnam, kuna watoto watano."

"Madam, Desemba ni Kenya. Uliweka mkono kifuani."

"Vietnam, Nabila! Watu wanalipa waende!"

"Mwanangu hayuko Vietnam, madam."

Sikupandisha sauti. Lakini nilisema hivyo, na karatasi puani.

"Januari," akasema. "Inshallah."

"Inshallah ya kweli, madam, au ile ya AC yangu?"

Wasichana, nilisikia maneno yakitoka nikatamani kuyarudisha. Lakini akachukua simu. Akampigia baba. Nikasikia Kenya, nikasikia Januari. Baada ya muda akanigeuzia kioo cha simu, na tiketi iko pale, jina langu lote, Nabwire, limeandikwa sawa kwa mara ya kwanza katika nyumba hii. Kwa hivyo nitaenda Vietnam nikiwa yaya wa watoto watano, kisha nitaenda nyumbani. Nimelia kidogo kwenye sinki. Vitunguu vilikuwepo.

Wakati huo ndipo Kioko akarudi kutoka hotelini.

"Nabwire, mbona unanuka soko la samaki la Port Victoria?"

Nikamwambia atoke. Nikaja kuoga maji ya moto. Na kwa ule mvuke, mchezo wa Mungu, pua ikafunguka. Sasa! Sasa ndiyo imefunguka! Ndipo na mimi nikapokea habari zangu mwenyewe, moja kwa moja, bila mtafsiri. Jamani. Wale akina mama walinivumilia.

Basi nimewaandikia kabla Kioko hajafika huko, maana yule huongeza chumvi, na chumvi ya leo imenitosha.